Ukurasa wa Pumzi

Anzurat aliuona ukucha wa kijivu asubuhi ya siku ya kufungua mfereji, kijiji kizima cha Vankul kikiwa juu na masepetu, yeye kabaki nyumbani anamnawisha mtoto mikono iliyojaa unga wa forosadi. Kidole gumba cha mkono wa kulia. Alidhani ni uchafu. Akausugua kwa jivu, akausugua tena, mpaka Zevar akavuta mkono wake.

"Mama, unaniumiza bwana! Kwani mimi sufuria?"

Anzurat akachukua kijiko cha shaba, akaugonga ule ukucha polepole. Ukalia kama kokoto. Akakaa chini hapo hapo, kwenye maji aliyoyamwaga mwenyewe, na mtoto akacheka kumwona mama yake kalowa.

Hakuna mtu wa Vankul anayehitaji kuelezwa ugonjwa wa jiwe. Unaanzia kwenye kucha, unapanda mikono, na ukifika kifuani mtoto anavuta pumzi kama aliyelaliwa na gunia la chumvi, halafu siku moja havuti tena. Wakubwa hauwagusi. Unataka walio chini ya miaka saba. Unaweza kupotea miaka kumi, watu wakasahau, kisha ukaja na kuchukua mmoja tu au wawili na kwenda zako. Na ubaya wake wa mwisho ni ule uzito. Ayombek, mtoto wa jirani yao Guldasta, ana miaka mitatu tu, alibebwa na wanaume sita kwenda makaburini, na njiani walipumzika mara mbili.

Zevar alikuwa na miaka sita. Angevuka majira ya joto tu, angekuwa na saba.

Lakini Anzurat hakulia siku ile, na sababu ya kutolia ni kwamba alikuwa na kitu ambacho Guldasta hakuwa nacho. Anzurat ndiye aliyekuwa Mama wa Kitabu.

Kitabu chenyewe ukikiona hutakiheshimu hata kidogo. Ni kurasa arobaini na moja za ngozi ya mbuzi, zimeshonwa kwa ukano, zinanuka zizi, na jalada lake limeliwa na panya pembeni. Kinakaa kwenye chumba chake nyuma ya nyumba, na mwanamume haruhusiwi kukanyaga humo. Kinatoka kwa mama mkwe kwenda kwa mkamwana, basi. Kila ukurasa juu una hadithi ya watu wa kwanza wa bonde, na chini ya hadithi una maneno yenyewe, yale yenye nguvu. Upo wa kuumwa na nyoka. Upo wa mwanamke aliyekwama katika uchungu. Upo hata wa mume aliyeroga jirani akajiroga mwenyewe, na huo watu hupenda sana kusomewa harusini.

Matumizi yake ni ya kombe. Mama wa Kitabu husoma hadithi kwa sauti, mgonjwa akiwa amefunikwa macho kwa kitambaa, kisha huyaosha yale maneno ya chini kwa maji, yakaingia kwenye bakuli la shaba, na mgonjwa akanywa. Wino wa wazee ulitokana na nyongo ya ndege wa kijani waliokaa ziwani. Ziwa halipo tena, na ndege hakuna aliyewahi kuwaona. Ukurasa ukishaoshwa umeoshwa, nguvu yake imeshuka kwenye tumbo la mtu mmoja na imekwisha.

Sasa mtu mwenye akili atauliza: hicho kitabu si kingebaki ngozi tupu zamani sana? Kingebaki. Ila kila Mama wa Kitabu, akishaosha ukurasa, hukaa peke yake siku inayofuata akaandika tena yale yale maneno kwa wino wa masizi. Maneno ni yale yale lakini nguvu hayana. Anafanya hivyo ili kijiji kisijue, maana nani angeendelea kupanda shayiri kwenye bonde hili la mawe akijua kwamba nyuma yake hakuna kitu? Na sheria ya pili ndiyo ngumu zaidi: Mama wa Kitabu haambiwi na aliyemtangulia ni kurasa zipi zimekufa. Walioiweka walikuwa na hoja yao. Anayejua ukurasa umekufa atausoma kwa ulimi uliokufa, mgonjwa ataisikia sauti hiyo, na atakata tamaa kabla maji hayajamfika kooni.

Kwa hiyo unajua ukishaosha tu. Yakitoka maji ya kijani, mtu atapona. Yakitoka meusi, unayafunika kwa kiganja, unamnywesha, na unajikaza uso usiseme lolote.

Anzurat alikuwa ameosha mara tisa katika miaka kumi na miwili. Kijani alikiona mara tatu. Mara ya mwisho ni mwaka aliozaliwa Zevar, kwa mtu aliyepondwa mguu na jiwe la mfereji. Siku ya tatu alisimama akaanza kumtukana mkewe kama kawaida yake. Tangu hapo, meusi tu.

Hata hivyo alikuwa na ukurasa mmoja ambao hakuwahi kuugusa. Siku mama mkwe wake, Bibi Savsan, alipomkabidhi ufunguo, alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu na kuvunja sheria kwa maneno machache. "Ule wa pumzi," alisema, "usimfungulie mtu. Umenisikia? Mtu yeyote." Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Mwaka huo huo alianguka akipura shayiri na hakuinuka, na Anzurat hakupata kumwuliza zaidi. Wala hakuona haja. Alielewa kwamba kizee kile, pamoja na ukali wake wote, kilikuwa kimeiwekea nyumba yao akiba.

Ukurasa wa pumzi ndio dawa ya ugonjwa wa jiwe. Hakuna mwingine.

Na miaka miwili nyuma, Guldasta alipokuja na Ayombek mgongoni, kucha zote kumi za kijivu, akapiga magoti mlangoni na kusema, "Shoga, nakuomba, ule wa pumzi," Anzurat alimwinua, akamfuta vumbi magotini, akamwambia, "Umekwisha, shoga yangu. Bibi Savsan aliuosha kabla mimi sijaolewa." Macho makavu kabisa. Zevar alikuwa amelala chumba cha pili, na Anzurat alikuwa akiisikia pumzi yake kupitia pazia wakati anasema uongo ule.

Simtetei. Nasema tu kwamba alikuwa na mtoto mmoja, na tumbo lilifunga baada yake. Ukurasa mmoja, mtoto mmoja. Alirudia hesabu hiyo kila alipomwona Guldasta akianika nguo zake, za mumewe, na za mtoto hakuna.

*

Ukurasa wa pumzi una masharti. Hauoshwi kwa maji ya mfereji. Unataka barafu ya Mdomo wa Sarkoh, lile tundu la mlimani ambamo upepo huingia na kutoka kama kifua cha mtu. Siku mbili kupanda na siku mbili kushuka.

Kadamsho, mumewe, hakuanza kwa maswali. Ni mtu wa nyumbu na chumvi, maneno yake ya mwaka mzima yangetosha kwenye kikombe. Alimbusu Zevar kichwani na kuanza kufunga kamba, na Anzurat akaviona vidole vyake vikikaza mafundo, pamoja na kile cha mwisho cha mkono wa kushoto chenye ukucha mbaya, uliobanwa na mlango wa zizi utotoni.

"Upo kweli huo ukurasa?" aliuliza alipokwisha. "Kwa Guldasta ulisema..."

"Kwa Guldasta nilisema nilichosema. Wewe lete barafu."

Alimtazama mkewe kitambo. Aibu ilimshika Kadamsho, Anzurat aliiona, na pia aliona anaikubali. Akaondoka nayo mlimani.

Siku ya pili kucha zote zilikuwa za kijivu, na siku ya tatu mikono ikawa mizito mpaka kwenye viwiko. Zevar aliiburuta juu ya zulia la sufu akijifanya anashindana na mtu kuona nani ataburuta zaidi. Hakuwa na maumivu. Huo ugonjwa hauna maumivu, na sijui kama hiyo ni huruma au ni dhihaka.

Guldasta alikuja siku ile ile ya tatu, na bakuli la uji wa shayiri wenye siagi. Alikuwa ameshasikia. Aliingia bila kubisha, akakaa, akaushika mkono wa Zevar na kuupima kwa kuunyanyua kidogo, kama mtu anayenunua jibini.

"Umefika kiwikoni," alisema. "Kesho utakuwa begani. Usimlaze chali, Mama Zevar. Mlaze ubavu. Mimi nilimlaza chali wangu, nikajuta."

"Ahsante, dada."

"Na usimfunike nguo nzito. Watakwambia umfunike. Usiwasikilize, hawajui kitu."

"Shangazi Guldasta," Zevar alisema, "mimi nimekuwa mzito kumshinda ndama wako."

"Ndama wangu? Mwongo wewe! Yule ndama anakula kama mkwe mgeni."

"Ninyanyue uone."

Guldasta akajaribu, akaguna kwa makusudi, akajiangusha ubavuni akisema kiuno chake kimevunjika na atamdai Zevar kiuno kipya. Mtoto akacheka mpaka akakohoa. Anzurat alisimama jikoni na mgongo wake kwao, ameshika mwiko, hakorogi chochote. Alitamani yule mwanamke aondoke. Alitamani pia amwangukie miguuni pale pale na kumweleza yote. Hakufanya hata moja. Kesho kutwa, alijiambia, Zevar atapona, na hapo kijiji kizima kitajua kwamba ukurasa ulikuwepo, na Guldasta atajua. Atanitemea mate. Na anitemee. Nitakuwa na mtoto wangu.

Guldasta alipotoka alimgusa bega mlangoni. "Unajua nini kilichoniwezesha kuamka asubuhi, baada ya Ayombek? Kwamba nilikuja kwako. Nilibisha mlango uliokuwepo, na dawa haikuwepo. Basi, sina wa kumlaumu. Na wewe usijilaumu. Ukurasa ulikwisha, si kosa lako."

Anzurat alisema ahsante tena. 

*

Kadamsho alirudi siku ya nne, jua likiwa juu ya vilele, midomo imepasuka, na barafu ndani ya mfuko wa ngozi imebaki ukubwa wa ngumi. Ilitosha. Zevar hakuweza tena kukaa. Kifua kilikuwa kinapanda kidogo na kushuka kidogo, na ulimi wake tu ndio ulikuwa haujapungua wepesi wa kusema.

"Baba kanuka nyumbu," alisema.

Anzurat alijaribu kumbeba kumpeleka kwenye chumba cha Kitabu. Hakuinuka. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Ikabidi Kadamsho amshike miguu, na mlangoni alipotakiwa kusimama, hakusimama. Alivuka kizingiti ambacho hakuna mwanamume aliyewahi kukivuka. Anzurat alimwangalia tu. Angemfukuzaje, na huku kambeba nusu ya mtoto?

Walimlaza ubavu. Anzurat alimfunika macho kwa kitambaa chekundu, akafungua Kitabu ukurasa wa kumi na tisa, akaanza kusoma.

Hadithi yenyewe Zevar aliijua kwa moyo, maana hadithi za Kitabu hazina kizuizi, hata watoto huzichezea. Baridi ya kwanza ya dunia, mwanamke aitwaye Zarrin alipanda mpaka kwenye Mdomo wa Sarkoh akasema: wewe una pumzi ya pepo zote, niazime moja, mwanangu anakuwa jiwe. Mlima ukampa moja. Akaibeba mdomoni, kashuka nayo siku mbili bila kufungua midomo, hakukohoa, hakunywa, hakujibu salamu. Waliokutana naye njiani walisema, tazama anavyoringa, mtoto mgonjwa na yeye anaringa. Shangazi yake akamfinya shavu ili aseme. Hakusema. Alipofika akaiweka pumzi kwenye mdomo wa mtoto wake, na mtoto akaamka akiuliza chakula.

"Umeruka pale pa kufinya," Zevar alisema chini ya kitambaa.

"Sijaruka, nimesoma."

"Umesoma mbiombio."

Anzurat akarudi nyuma, akasoma pale pa kufinya polepole, na mtoto akatabasamu. Sauti ya Anzurat ilikuwa nzuri siku ile. Aliamini kila neno. Kisha akauinamisha ukurasa juu ya bakuli la shaba, akaimimina ile barafu iliyoyeyuka juu ya maneno yaliyolala pale miaka na miaka yakimngojea mwanawe.

Maji yalishuka meusi.

Hakuelewa. Akadhani ni kivuli chake, akasogea. Akamimina tena, tone kwa tone, na maneno yakaachia ngozi kwa urahisi kama masizi yanavyoachia sufuria, kwa sababu yalikuwa masizi. Bakuli likajaa weusi mpaka ukingoni. Alitafuta kijani hata kwenye kona, hata uzi mmoja. Hakukuwa na kitu.

"Mbona meusi?" Kadamsho alinong'ona.

"Nyamaza."

"Hayako hivyo. Ni ya kijani."

"Wewe utajuaje? Hujawahi kuliona kombe maisha yako yote!"

Kadamsho aliacha kulitazama bakuli. Alikuwa ameinua mkono wake wa kushoto, anakitazama kidole chake cha mwisho kama kimeota leo.

"Nilikuwa na miaka mitano," alisema. "Mama alinipa maji kwenye bakuli hili. Alisema ni majani ya mlimani. Ya kijani, Anzurat. Yana baridi mpaka meno yaliniuma. Nilikuwa siwezi kuinua mikono, nakumbuka alinishikia bakuli." Akakisugua kile kidole. "Ule mlango wa zizi... mimi siukumbuki huo mlango. Mama ndiye aliyeniambia kuna mlango."

Anzurat akaushika ule mkono. Miaka kumi na miwili alikuwa akiulalia. Akachukua kijiko cha kuchanganyia wino, akaugonga ule ukucha, na ukalia kama kokoto.

Kwa hiyo Bibi Savsan hakuweka akiba. Bibi Savsan aliogopa aibu. Ukurasa wa bonde zima alimpa mwanawe kwa siri, akauandika upya kwa masizi, akakataza usifunguliwe ili isijulikane. Yaani alifanya kile kile ambacho Anzurat angefanya, isipokuwa kwake yeye kulikuwa na kitu cha kuiba. Na huwezi hata kumchukia vizuri, maana bila wizi ule Kadamsho angekuwa jiwe makaburini, na Zevar hangezaliwa wa kumlilia.

"Nimeunywa mimi," Kadamsho alisema. "Nimeunywa wa kwake." Akaanza kulia kwa sauti, jitu zima, kwenye chumba cha wanawake.

"Baba, nini?" Zevar aliuliza chini ya kitambaa.

*

Ni kile kilio kilichomleta Guldasta. Alidhani mtoto amekwisha, akaruka ukuta, akapita jikoni, akafika mlangoni akiwa ameshika ule mtandio wa sufu nene alioushona kwa ajili ya kumgeuzia Ayombek wakati ule ambapo hakuna aliyeweza kumgeuza peke yake. Alikuwa amekuja kuwapa.

Akamwona mtoto ana kitambaa machoni. Akaona Kitabu kimefunguliwa, ukurasa unadondosha maji. Guldasta hajui kusoma maandishi yale, lakini juu ya kila ukurasa kuna picha, na juu ya ule palichorwa mlima wenye mdomo.



"Kwa hiyo ulikuwa nao," Guldasta alisema.

"Nilidhani ninao."

"Nilipokuja na mwanangu mgongoni, ulikuwa nao."

"Ni masizi, dada. Tazama. Ni masizi matupu, tangu Kadamsho mtoto. Hata ningekupa siku ile, Ayombek angekuwa..."

"Usimtaje!" Guldasta alisema kwa sauti ambayo Anzurat hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu. "Usimtaje wangu kwa mdomo huo. Wewe hukujua ni masizi. Ulijua ni dawa. Ulijua ni dawa, ukaniinua, ukanifuta vumbi, ukaniangalia hivi hivi!"

"Ndiyo."

"Na mimi nimekuja hapa na uji! Nimekuja kukupa pole!"

"Ndiyo," Anzurat alisema.  Alitamani Guldasta ampige, na Guldasta alikuwa ameinua mkono, kweli ameuinua.

"Shangazi Guldasta," Zevar alisema, na pumzi ilikatika katikati ya jina, akalazimika kuitafuta tena. "Mbona mnagombana? Mimi sijanywa bado."

Ule mkono ukashuka. Guldasta alisimama anahema, machozi yanamtoka bila kuyafuta. Kisha akapiga magoti, akapitisha ule mtandio chini ya mabega ya mtoto, akamwashiria Kadamsho kwa kidevu ashike upande wa pili. Wakamwinua kidogo, kiasi cha kuweza kunywa. Guldasta akanyoosha mkono wake ulio huru.

"Lete bakuli."

"Halifai kitu, Guldasta. Ni..."

"Najua ni nini. Sina macho? Lete." Akainamisha kichwa karibu na Anzurat, akamwambia chini kwa chini ili mtoto asisikie. "Wangu alikufa akiniuliza mbona Mama wa Kitabu hakumpa maji. Alidhani amefanya kosa. Miaka mitatu, anadhani amefanya kosa. Ungemwoshea hata tope mbele yake, akanywa, akalala akijua anaponywa. Hukunipa hata hilo. Wako yuko hapa, simnyimi. Lete bakuli, na usome."

"Siwezi kusoma."

"Utasoma."

Anzurat alisoma. Ukurasa ulikuwa hauna tena maneno ya chini, ila hadithi ilikuwa bado ipo juu, na hata kama isingekuwepo angeisema. Ulimi wake ulikuwa umekufa, wazee walisema kweli, aliusikia ulivyokufa mdomoni mwake. Lakini aliuburuta. Zarrin akapanda, akaomba, akapewa, akashuka na mdomo umefumbwa. Walimsalimia hakuitika. Guldasta alimwekea Zevar bakuli mdomoni, maji meusi yakapita kidogo kidogo, mengine yakamchuruzika shingoni.

"Baridi," Zevar alisema. "Meno yananiuma."

Kadamsho alifunga macho.

"Sasa pa kufinya," mtoto alisema.

"Shangazi yake akamfinya shavu ili aseme," Anzurat alisoma, na Guldasta akamfinya Zevar shavu taratibu, na shavu lilikuwa bado laini.

"Na mtoto wake akaamka?"

"Akaamka."

"Akaomba nini?"

"Chakula."

"Mimi nitaomba uji wa Shangazi," Zevar alisema. "Ule wa siagi." Alilala ubavu kama Guldasta alivyofundisha, na alasiri ile ile, kabla kivuli cha Sarkoh hakijaufikia ukuta, akawa havuti tena.

Walimbeba wanaume wanane. Walipumzika mara tatu.

Siku ya tano baada ya mazishi, Anzurat alikuwa amekaa kwenye chumba cha Kitabu mbele ya ule ukurasa mtupu, kalamu ya tete kavu mkononi, hajagusa chochote tangu asubuhi. Guldasta aliingia bila kubisha. Hakumsalimia. Uso wake haukuwa umemsamehe, na sidhani kama ulikuja kumsamehe hadi leo. Alikuwa na kigae chenye masizi aliyoyakwangua kwenye sufuria yake mwenyewe, akakiweka chini kati yao, akamimina maji kidogo, akaanza kuyakoroga kwa kidole.

"Mkwe wa Lutfali, yule wa nyumba za chini, ameona kijivu kwenye kucha za mwanawe mdogo asubuhi hii," alisema. "Yuko njiani anakuja. Andika."

Anzurat akachovya kalamu. Guldasta alishika ukingo wa ngozi usijikunje, mpaka neno la mwisho likakauka.

"Na yeye ukimwambia umekwisha," alisema, "nakuua kwa mikono yangu."

Nje, mtu alikuwa anaita mlangoni.